Jengo namba 7 na madai ya mabomu: jibu la mtu aliyefanya kazi na baruti

Mkuu umeweka klipu ya Jengo namba 7 la World Trade Center likishuka, ukaweka na maneno ya wazimamoto wa New York wanaosema walisikia milipuko, afu ukauliza kama inawezekana majengo yale yaliyoanguka tarehe 11 Septemba 2001, ile minara miwili iliyogongwa na ndege na hili namba 7, yalitegwa mabomu na dunia ikadanganywa. Naona wengine wamekujibu kwa kejeli na wengine wamekuunga mkono kwa sababu tu hawaipendi Marekani. Mi nakujibu kwa kazi niliyoifanya, nimekaa machimbo ya kokoto kwa miaka upande wa ulipuaji, na kabla ya hapo nilikuwa karakana ya kuchomelea vyuma, kwa hiyo baruti na chuma vyote nimevishika.

Kwanza wale wazimamoto hawakudanganya, na mtu anayewaita waongo akae pembeni. Jiji la New York lilichukua maelezo ya wazimamoto na wahudumu wa dharura karibu 500, yakaja kuwekwa wazi mwaka 2005 baada ya gazeti la New York Times kupambana mahakamani, na ukiyasoma neno mlipuko limo humo mara nyingi tu. Ila mtu akisema nimesikia mlipuko amekwambia alichosikia, hajakwambia ni nini kimelia. Jengo likiwaka linapiga kelele sana, transfoma zinapasuka, matairi ya magari yanapasuka, zege linapasuka, bolti zinakatika. Halafu mafuta ya ndege yalishuka kwenye mashimo ya lifti mpaka chini yakawakia huko, watu wakaungua wakiwa lobi ya jengo la kaskazini, mmoja wa ile minara, wakati ndege imegonga ghorofa ya 93 mpaka 99. Na kuna lingine linauma hata kuliandika, wale waliokuwa wanaruka toka juu walikuwa wanafika chini kwa kishindo, wazimamoto waliokuwa lobi ya jengo la kaskazini walikuwa wanakisikia kimoja baada ya kingine. Mtu aliyepitia hiyo siku akisema bum, bum, bum, mi namuamini kabisa.

Sasa kinachoamua ni saa ngapi huo mlio ulisikika. Baruti iliyokata nguzo inalia halafu papo hapo mzigo unaanza kushuka, hakuna cha kusubiri. Mlio wa saa nzima kabla jengo halijaanguka hauwezi kuwa ndio ulioliangusha, na ukichambua ushahidi mwingi wanaousambaza utakuta ni wa aina hiyo, au ni mlio uliosikika wakati jengo tayari linashuka ghorofa zinagongana. Jengo la kusini lilisimama dakika 56 baada ya kugongwa, la kaskazini dakika 102.

Jambo la pili ni mlio wenyewe ulivyo. Machimboni tunatoboa mashimo kwenye mwamba, tunashusha baruti chini, tunaziba juu kwa udongo na vumbi la kokoto tunashindilia, tunapiga king'ora, watu wanaondoka mbali, ndio tunapiga. Hapo baruti imezikwa ndani ya jiwe na bado ukisimama mbali kifua kinatetemeka, na wanakijiji wa ng'ambo wanakuja kulalamika nyufa. Shimo likiwa halijazibwa vizuri ndo balaa zaidi, nguvu yote inatoka nje kama sauti na masikio yanabaki yanapiga mluzi. Kukata nguzo ya chuma ya ghorofa maana yake baruti unaibandika juu ya chuma hewani, hakuna mwamba wa kumeza ule mlio. NIST, taasisi ya viwango ya serikali yao, walipiga hesabu ya baruti ndogo kabisa inayoweza kukata nguzo moja tu ya Jengo namba 7, wakasema ingesikika kwa desibeli 130 mpaka 140 umbali wa zaidi ya nusu kilomita. Hiyo ingeingia kwenye kila kamera iliyokuwa mtaani siku ile, na kamera zilikuwa nyingi. Sauti ya namna hiyo haipo.

Wakazi wa Dar wenye umri wangu hawahitaji hata kuelezewa. Maghala ya silaha yalipolipuka Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011 tuliokuwa mbali kabisa milango ilitikisika na vioo vikalia, hakuna aliyebaki anauliza eti ule ulikuwa mlipuko au nini. Na Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, bomu la ubalozi wa Marekani liliua zaidi ya watu 200 na kuliangusha jengo la Ufundi pale jirani, na wengi walipoteza macho kwa sababu walikuwa wamesogea madirishani kuangalia vurugu za mwanzo, mara vioo vikawarukia. Bomu linaloangusha jengo linaacha alama kwa majirani, vioo vya mtaa mzima na ngoma za masikio. Wenzetu wa Nairobi wanaishi na alama hizo mpaka leo.

Afu kuna watu 16 waliotoka hai ndani ya ngazi B ya jengo la kaskazini, wengi wao wazimamoto, jengo likiwa limewaangukia. Ngazi ile ilikuwa katikati ya jengo, palepale zilipo nguzo kubwa. Hebu fikiria nguzo hizo zimefungwa baruti za kukata chuma zikapigwa na wao wako hatua chache, asingetoka mtu wa kuhadithia.

Kuhusu "mafuta ya ndege hayayeyushi chuma", ni kweli hayayeyushi, na hakuna ripoti ya maana iliyosema yaliyeyusha. Chuma kinayeyuka kwenye nyuzi kama 1,500. Ila uliza kijana yeyote wa karakana, bimu ukiipiga moto wa gesi mpaka ikawa nyekundu unaikunja kwa nyundo na hakuna hata tone lililoyeyuka. Kwenye nyuzi 600 hivi chuma kimeshapoteza kama nusu ya nguvu yake, na moto wa ofisi yenye karatasi, mazulia na fanicha unafika huko na kupita. Ndege ilikata nguzo kadhaa, ikapukuta lile koti la kuzuia moto lililopuliziwa kwenye vyuma, sakafu zikalegea zikaanza kuzivuta nguzo za nje kuingia ndani, na huko kupinda kuko kwenye picha zilizopigwa dakika kadhaa kabla majengo hayajaanguka. Yakaanza kuanguka palepale ndege zilipogonga. Anayesema yalitegwa anatakiwa aeleze baruti na waya zake zilivumiliaje kugongwa na ndege na moto wa saa nzima.

Wapo wanaokimbilia themaiti, ile ya kuungia reli. Hiyo inayeyusha chuma kweli lakini hailipuki, inawaka. Kwa hiyo huwezi kuleta mashahidi waliosikia milipuko halafu ukasema jengo lilikatwa na themaiti, chagua moja.

Na maandalizi jamani. Mwaka 1998 Detroit waliangusha jengo la Hudson's kwa baruti, walifunga chaji, yaani mafungu ya baruti, zaidi ya 4,000 na kazi ya kupakia tu ilichukua wiki kadhaa kwenye jengo tupu lisilo na mtu. Unabomoa kuta ufike kwenye nguzo, unazikata kiasi, unafunga chaji, unavuta waya kila mahali. Sasa fanya hivyo kwenye majengo mawili ya ghorofa 110 yenye maelfu ya wafanyakazi kila siku na asitokee msafishaji mmoja wa kuuliza huu ukuta mmeutoboa kwa nini.

Jengo namba 7 ndio lenye hoja nzito kidogo na sitaki kulipita juu juu. Lilikuwa na ghorofa 47, halikugongwa na ndege, vifusi vya jengo la kaskazini ndio vililiwasha. Bomba kuu la maji lilikuwa limekatika, likawaka kwa muda wa kama masaa saba bila kuzimwa, likaanguka saa 11:20 jioni. Rasimu ya NIST ya mwaka 2008 ilikwepa suala la jengo kushuka kwa kasi ya kitu kilichoachiwa hewani, mwalimu mmoja wa fizikia anaitwa David Chandler akawabana, na ripoti ya mwisho ikakubali kwamba kwa sekunde 2.25 kweli lilishuka hivyo. Heshima kwake, ndivyo hoja inavyotakiwa kujengwa, kwa kupima. Lakini kasi ile inakwambia kwamba kwa muda huo chini hapakuwa na kitu cha kuzuia, haikwambii nani aliyeondoa. Maelezo ya NIST ni kwamba bimu zilitanuka kwa joto zikasukuma mhimili mkubwa wa ghorofa ya 13 ukatoka kwenye kiti chake, nguzo namba 79 ikakosa wa kuishikilia ikapinda, ndani kukaporomoka kwanza, ganda la nje likafuata. Na wazimamoto hawakushtukizwa, mkuu wao Daniel Nigro alishawaondoa watu eneo lile masaa kabla kwa sababu jengo lilionekana kuvimba na kulia.

Mnaosema serikali ya Marekani ni waongo, mimi sibishani, walituambia Iraq ina silaha za maangamizi. Na hapohapo New York, siku chache baada ya tukio, shirika lao la mazingira lilitangaza hewa ni salama kupumua, watu wakafukua vifusi bila vinyago vya maana na maelfu wakaja kuugua vifua na saratani. Huo uongo una wahanga na kumbukumbu zake zipo, na hauhitaji bomu lolote, sijui kwa nini hautafutiwi klipu.

Ila klipu yako mkuu, irudie kuangalia inapoanzia. Inaanza jengo zima tayari linashuka. Tafuta video ndefu iliyopigwa toka kaskazini, tazama kibanda kilichoko juu ya paa upande wa kushoto, kinazama ndani ya jengo kama sekunde 7 nzima kabla ukuta wa nje haujasogea. Ukiipata iweke hapa na sauti yake, uniambie kwenye hizo sekunde 7 umesikia nini.