Bwawa la majitaka limegeuka waridi

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi jirani na mabwawa ya majitaka hapa Dar es Salaam. Moja lilikuwa kijani, sasa limekuwa waridi, na usiku linanuka yai viza. Kuna mtu kamwaga rangi? – Mama Nasra

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si rangi, ni bakteria. Nimehudumia mabwawa kama hayo miaka 11, nikaliona jambo hilo mara mbili. Ukijani ni mwani. Mchana hutoa oksijeni, na bakteria wanaokula uchafu huitumia. Magari ya kunyonya vyoo yanayomwaga humo yakizidi, au tope likijaa chini, oksijeni hukwisha na bakteria wa zambarau, wanaotumia salfa, hutawala. Harufu hiyo ni gesi ya salfa. Sisi tulipunguza magari, tukaondoa tope, ukijani ukarudi.

Linaloniuma ni maji yanakoishia. Ya Vingunguti, kwa mfano, hushukia Mto Msimbazi, kisha baharini penye Daraja la Salenda. Maji hupita bwawa hadi bwawa, na la mwisho hutegemea jua kuua vijidudu, ndiyo maana kina chake ni kama mita 1 tu. Mwambie mtendaji wa mtaa leo hii, na watoto wasichezee mfereji unaotoka hapo.