Kubomoa ghala la zamani Njoro: tazama paa kwanza

Dada, umesema ghala la marehemu mzee huko Njoro limeinama, na vijana wamejitolea kulibomoa bure mradi wabebe mbao. Ngoja kwanza. Kama nguzo ni za sida (mwerezi), mbao ya thamani, hiyo si bure, unawalipa vizuri mno. Choma nguzo kwa bisibisi pale inapoingia ardhini: mara nyingi hapo ndipo huoza, huku juu mti ukiwa mzima kabisa na una wanunuzi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni paa. Unasema ni la kijivu, lina mawimbi, na si bati. Kwa jengo la enzi hizo, lichukulie kuwa ni asbesto hadi lipimwe. Vumbi lake likivutwa huleta saratani ya mapafu, na ugonjwa hujitokeza miaka mingi baadaye. Kwa hivyo asipande mtu yeyote na nyundo, tafadhali. Uliza NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, wakuelekeze kwa walio na leseni ya kuiondoa. Huilowesha maji, huishusha nzima nzima, huifunga kwa plastiki nzito na kuipeleka mahali palipoidhinishwa. Usimpe jirani akaezekee banda la kuku.

Baada ya hapo tafuta mkandarasi aliyesajiliwa na NCA, mamlaka ya ujenzi ya kitaifa, kibali cha kaunti kikiwa mkononi na umeme umeshakatwa. Mwandikiane: mbao ni za nani, vifusi na misumari ataondoa nani, kibarua akiumia nani atagharamia. Malipo yagawe, sehemu ya mwisho itoke uwanja ukiwa safi.