1RM kwenye ratiba ya mazoezi ina maana gani?

SWALI: Kocha wa jimu yetu amebandika ratiba ukutani: "Skwati, seti 5 za mara 5, 80% ya 1RM." Mwenzangu mmoja anasema 1RM ni uzito wa kuanzia, mwingine anasema ni rekodi ya mashindano. Ni nini hasa, na mimi niweke kilo ngapi? Nimewahi kupiga kilo 80 mara tano, ya sita ikanishinda. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Wote wawili wamekosea. 1RM ni uzito mkubwa kabisa unaoweza kuunyanyua mara moja kwa mtindo kamili, ya pili ikakushinda. Kila zoezi lina yake. Ya skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani) haikusaidii kwenye benchi (kulala chali na kusukuma chuma juu).

Si lazima uujaribu ndipo uujue. Zidisha uzito kwa marudio, gawanya kwa 30, kisha ujumlishe na uzito wenyewe. Kwako, 80 mara 5 ni 400. Gawanya kwa 30 upate 13 na ushee. Jumla ni kama kilo 93. Asilimia 80 yake ni 74 na ushee, kwa hiyo weka 75. Chuma kitupu cha kawaida, yaani bila sahani za uzito, kina kilo 20. Zinabaki 55, yaani 27.5 kila upande: sahani ya 20, ya 5 na ya 2.5.

Wengi husahau kuhesabu hicho chuma kitupu. Na kama vyuma vyenu ni vya bomba na makopo ya saruji, vipimeni kwenye mizani ya dukani kimoja kimoja. Msiamini namba iliyopakwa rangi, maana saruji haijai sawa kila kopo.

Hesabu hii huanza kudanganya marudio yakizidi 10, kwani hapo pumzi ndiyo inayokukatisha kabla ya nguvu. Hudanganya zaidi kama zile 80 ulizishusha nusu. Mkunjo wa nyonga ushuke chini ya usawa wa juu ya goti. Bila hivyo, 93 yako ni ya kwenye karatasi tu.

Kocha akitaka mjaribu kweli, panda hivi: 20 mara nane, 50 mara tano, 70 mara tatu, kisha 80, 87.5 na 92.5 mara moja moja. Hizo za mwisho zipumzikie dakika 3 hadi 5, na wasimame watu wawili, kila ncha mmoja. Mgongo ukipinda au magoti yakiingia ndani, hiyo haihesabiki hata kama chuma kimepanda.

Kwa 75, seti ya kwanza ikuachie marudio mawili hivi ya akiba. Ukikwama kwenye seti ya tatu, shusha hadi 70.