Royce Gracie aliwashindaje wale majitu?

SWALI: Mhariri mambo vipi, hivi yule Royce Gracie wa UFC za mwanzo (yale mashindano ya kupigana ya Marekani) alikuwa mkali kweli au alipewa vibonde? Mbona mwembamba vile?

JIBU: Poa ndugu. Mkali kweli, ingawa bahati ilikuwepo pia maana 1993 pale Denver karibu wote hawakujua jujitsu ya Brazil, yaani kumwangusha mtu na kumkaba chini, ni kitu gani. Usiku mmoja akamaliza watu watatu, wa kwanza Art Jimmerson, bondia, kaingia na glavu mkono mmoja tu (sijui alifikiria nini), akalaliwa juu, akagonga chini akasalimu amri hata hajapigwa roba. Lakini mimi pambano langu ni lile la Dan Severn, mwanamieleka, UFC 4, 1994. Jamaa kamzidi kilo zaidi ya 30, kamlalia dakika kama 15 watu wakajua kaisha, kumbe Royce yuko chini anasubiri tu, mara miguu ikapanda shingoni, ikafunga, Severn akagonga. Taji lake la tatu la UFC hilo. Baadaye mambo yakabadilika, wengine nao wakajifunza, na 2000 kule Japani mpiganaji wa huko, Sakuraba, alimtesa dakika 90 mpaka kona ya Royce ikarusha taulo kukubali kushindwa.