Muulize Fundi: Betri ililala, sasa alamu inalia na gari haliwaki

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Mi nina Toyota IST ya mwaka 2004, nimeinunua kwa mtu hapahapa Dar. Nilienda Mbeya kwenye msiba nikaliacha gari nyumbani wiki tatu, kurudi nabonyeza rimoti hamna kitu, nikafungua mlango kwa funguo hata taa ya ndani haiwaki. Jirani akaja kunibusti na gari lake, ile anagusisha waya tu king'ora kikaanza kulia mtaa mzima ukatoka nje, indiketa zinawaka zinazima, na nikipiga starta haiitiki kabisa, hata ile kukoroma hamna. Tukitoa waya kinanyamaza, tukirudisha kinalia. Kijana mmoja anasema nimpe elfu kumi na tano akate waya za alamu yaishe. Nimkubalie? Naomba unijibu mapema maana kwenda kazini sasa hivi napanda daladala mbili.
Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Dada yangu pole sana na msiba. Huyo kijana mwambie asubiri, asikate waya hata mmoja. Kwa ulivyoeleza mi sioni kitu kilichokufa hapo zaidi ya chaji ya betri, alamu yako inafanya kazi yake ileile uliyoiachia siku unaondoka.

Iko hivi. Ulivyofunga gari kwa rimoti ukaenda stendi, ubongo wa alamu uliandika kwenye kumbukumbu yake kwamba gari limefungwa. Hiyo kumbukumbu haifutiki betri ikilala. Sasa umeme ukirudi ghafla, alamu inaamka ikijua bado iko kwenye ulinzi alafu inakuta mlango wa dereva uko wazi na boneti iko juu, yenyewe inajuaje kama ni wewe? Inalia. Na hizi alamu tunazofunga huku mtaani nyingi zina rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayokata starta, nyingine inakata pampu ya mafuta, ndo maana ukizungusha funguo kimya. Sasa mtu akija akakata waya za king'ora kelele zitaisha kweli ila ile rilei inabaki imekata na gari haliwaki vilevile, hapo ndo utaanza kuambiwa starta imekufa ununue nyingine. Nimeletewa magari ya namna hii, waya zimekatwa zikasokotwa na kufungwa na mfuko wa nailoni, kuzirudisha inakula siku nzima na mwenye gari analipa mara mbili, inaniuma sana kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa cha dakika kumi.

Fanya hivi. Anza na betri yenyewe, usikimbilie rimoti. Jirani akileta gari, waya nyekundu kwenye chanya ya betri yako, ncha yake ya pili kwenye chanya ya kwake, nyeusi kwenye hasi ya kwake, na ile ncha ya mwisho nyeusi usiiweke kwenye betri yako, ibane kwenye chuma kitupu cha injini yako mbali na betri, maana betri inatoa gesi na cheche ikiruka hapo juu inaweza kulipuka. Alafu mwache jirani aunguruze gari lake dakika tano mpaka kumi kabla wewe hujagusa funguo. Hapa ndo wengi wanakosea, wanagusisha waya na kupiga starta papohapo, umeme unashuka, ubongo wa alamu unazima na kuwaka upya, king'ora kinaanza tena mnazunguka hapohapo mpaka jioni.

Wakati mnaunganisha ile waya ya mwisho wewe uwe umeshakaa kwenye siti ya dereva, milango imefungwa, rimoti mkononi. King'ora kikilia tu bonyeza kitufe cha kufungua, kama haikusikii rudia mara tatu nne ukiwa karibu na dashibodi. Ikikataa angalia ile taa ndogo ya kwenye rimoti, ikiwa inawaka kwa unyonge au haiwaki basi na yenyewe kibetri chake kimechoka. Fungua kifuniko utaona, kuna rimoti zinatumia kile kirefu cha 27A cha volti 12, nyingine kile bapa kama sarafu CR2032 au CR2016, soma maandishi yaliyo juu yake ununue hichohicho.

Na kama rimoti imegoma kabisa kuna mlango wa dharura, ambao wengi wanaonunua gari mkononi mwa mtu hawaambiwi. Kuna kitufe kidogo, mara nyingi cheusi, kimefichwa chini ya dashibodi upande wa magoti ya dereva au karibu na boksi la fyuzi. Pitisha vidole taratibu ukimulika na tochi ya simu. Ukikipata, fungua mlango kwa funguo, zungusha swichi mpaka ON, usipige starta, kisha ndani ya kama sekunde kumi kibonyeze. Zipo alamu zinataka ubonyeze mara moja, zipo zinataka ukishikilie, na zipo zinazotaka idadi ya siri aliyoiweka aliyefunga, kwaiyo mpigie aliyekuuzia umuulize na kile kikaratasi cha alamu kama bado anacho. King'ora kikinyamaza, washa gari. Ukiona baadaye ile taa nyekundu ya dashibodi haipepesi tena, imewaka moja kwa moja tu, ujue ulinzi umezimwa, utaurudisha kwa kitufe hichohicho.

Likiwaka usilizime, tembea nalo nusu saa hivi, na hata hapo betri haitakuwa imejaa, ipeleke kwa wachaji waichaji usiku kucha. Na hesabu ya kwa nini ililala ni rahisi, gari lililozimwa bado linakunywa umeme kidogo kwa ajili ya alamu, saa na redio, tuseme miliampea 50. Kwa siku ni kama ampea-saa 1.2, wiki tatu zinafika 25. Betri ya saizi ya NS60 ikiwa mpya ina 45, kwaiyo zaidi ya nusu imeondoka, na kama ina miaka yake mitatu haiwezi kubaki na nguvu ya kuzungusha injini. Safari nyingine ya muda mrefu chukua spana namba 10 uchomoe terminali ya hasi, ila kwanza fungua alamu kwa rimoti, ili ukirudi na kurudisha waya iamke ikiwa haiko kwenye ulinzi. Milango hiyo utaifunga kwa funguo.

SWALI: Salaam aleikum fundi. Nimeweka betri mpya wiki iliyopita, tangu hapo alamu yalia yenyewe usiku, mara saa nane mara saa kumi, majirani washachoka na mimi. Gari hulala nje.
Msomaji, Likoni, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Mi kwanza ningeenda kwenye swichi ya boneti, ile ndogo yenye kofia ya mpira na waya mmoja, inayobanwa boneti likifungwa. Aliyebadilisha betri alifungua boneti na kulipigiza, na kwa hewa ya chumvi ya huko hiyo swichi inaota kutu ndani, usiku umande ukishuka inajigusa yenyewe na alamu inaona kama boneti limefunguliwa. Chomoa ule waya wake, uuzungushie tepu, ulale usiku mmoja. Ukilala kimya basi umemjua mwizi wako, nunua swichi mpya maana bei yake ni ndogo. Ikiendelea kulia, kaza terminali za betri, kisha mwambie fundi umeme apunguze ukali wa sensa ya mtikisiko, ina skrubu ndogo ya kuzungusha, aizungushe kidogokidogo na kila mara apige kioo kwa kiganja aone inalia kwa nguvu gani. Na betri hiyo mpya ipime asubuhi kabla hujawasha, ikisoma chini ya volti 12.2 irudishe dukani ukiwa na risiti.