Chemshabongo ya mashujaa mtandaoni: mwalike na shangazi asiyemjua Batman

Mara ya kwanza nilipoendesha chemshabongo ya mashujaa mtandaoni, nilifanya kosa la mtu anayekipenda kitu kupita kiasi: nilidhani kila mtu anakipenda kama mimi. Niliandika maswali 40 kuhusu Superman, Batman, Spider-Man na ukoo wao wote. Nani alivaa nini katika toleo lipi, nani alikufa akafufuka mara ngapi. Tulikuwa watu 14. Kufikia swali la kumi kamera tano zilikuwa zimezimwa, na sisi tuliobaki tulikuwa tunamsikiliza mpwa wangu akibishana na rafiki yake kuhusu rangi ya mkanda. Shangazi yangu, niliyemwalika kwa heshima tu, akaniandikia ujumbe wa pembeni: "Mwanangu, mimi nimeitwa hapa kufanya nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Tangazo langu lilisema "maarifa ya jumla", kumbe nilikuwa nimetunga mtihani wa mashabiki.

Tangu siku ile nimeendesha michezo hii mara nyingi, kwa ndugu, kwa marafiki, hata kwa wenzangu wa kazini, na ninatunga maswali kwa namna nyingine kabisa. Shujaa namtumia kubisha hodi tu. Jibu lenyewe nalitafuta kwenye kemia, historia, lugha, miili ya wanyama, popote pale ambapo mtu asiyewahi kugusa kitabu cha katuni anaweza kuwa ameshapita.

Mfano ninaoupenda ni huu: "Sayari alikozaliwa Superman inaitwa Krypton. Hapa duniani, kriptoni ni kitu gani?" Mashabiki waliandika haraka haraka: jiwe la kijani. Walichanganya na kryptonite, ile inayomnyong'onyesha Superman, ambayo ni ya kubuni. Shangazi alifundisha kemia miaka mingi. Akaandika: gesi adimu, namba ya atomu 36. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba waliigundua William Ramsay na Morris Travers mwaka 1898. Hajawahi kumaliza filamu hata moja ya Superman, lakini jioni ile hakuzima kamera tena.

Ukishalizoea jicho hili, maswali yanakuja yenyewe. Batman anakupeleka kwa popo, mamalia pekee anayeruka kweli kwa mabawa. Flash, shujaa mwenye mbio za ajabu, anakupeleka kwenye mbio za mwanga, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na ukitoka hapo unaweza kuuliza kwa nini tunaona radi kabla ya kusikia ngurumo. Wonder Woman, aliyeanza mwaka 1941, ana kamba inayomlazimisha mtu kusema kweli. Aliyembuni, William Moulton Marston, alikuwa mwanasaikolojia, na alishughulika pia na kupima shinikizo la damu ili kumtambua mtu anayesema uongo. Ukiuliza "Je, alihusika na chanzo cha chombo gani?", atakayekisia kipima uongo hahitaji kumjua shujaa hata kidogo. Anahitaji kuitazama ile kamba tu na kufikiri.

Thor ananipa swali ambalo watu hulizungumzia hata baada ya mchezo. Kwanza nauliza ni siku gani ya wiki ambayo kwa Kiingereza inabeba jina lake. Wengi wanapata: Thursday, yaani Alhamisi. Halafu nauliza la pili: na sisi je, neno Alhamisi linabeba nini? Linabeba tano ya Kiarabu, kwa kuwa hesabu ya huko inaanzia Jumapili. Sisi tunaanzia Jumamosi, kwa hiyo Jumatano nayo ni ya tano. Wiki ya Kiswahili ina siku mbili za tano, tena zimefuatana. Watu wamezitaja siku hizo maisha yao yote na hawajawahi kusimama kuzitazama.

Raundi nzima unaweza kuijenga juu ya jambo moja. Yangu ninayoipenda kuliko zote inahusu udhaifu. Superman na kryptonite. Achilles na kisigino. Samsoni na nywele. Fumo Liyongo, ambaye silaha haikumdhuru isipokuwa shaba ikichomwa kitovuni, na aliyefichua siri hiyo ni mwanawe mwenyewe. Unasoma udhaifu, wao wanataja shujaa, au kinyume chake. Hapo ndipo wazee waliokaa kimya jioni nzima huwashangaza vijana. Mpwa wangu, anayejua kila kitu kuhusu mashujaa wenye joho, alikuwa hajamsikia Liyongo. Tulimsimulia, na mchezo ukachelewa kwa robo saa. Sikujali.

Usiwanyime mashabiki chakula chao, lakini. Bila wao mchezo unapoa. Mimi huwaachia kama robo ya maswali, na ninayachagua yale ambayo hata asiye shabiki atafurahia kusikia jibu lake. Kwamba Hulk alipotokea mara ya kwanza mwaka 1962 alikuwa wa kijivu, akageuzwa kijani toleo lililofuata kwa sababu wachapishaji walishindwa kuipata rangi ile ya kijivu ikatulia. Kwamba Black Panther wa vitabu vya katuni alitangulia chama cha Marekani chenye jina kama lake: shujaa alitoka katikati ya 1966, chama kikaundwa Oktoba mwaka huohuo. Kwamba katika filamu yake ya 2018 watu wa Wakanda, nchi yake ya kubuni, wanaongea Kixhosa, lugha halisi ya Afrika Kusini. Kwamba Joker, adui wa Batman, mhusika mmoja, amewapa waigizaji wawili tuzo ya Oscar, Heath Ledger na Joaquin Phoenix.

Sasa nije kwenye mabishano, maana mashujaa hawa wana balaa moja: kila mmoja ana maisha zaidi ya moja. Niliwahi kuuliza, "Spider-Man anatoa wapi utando wake?" Nusu ya watu wakasema kwenye vifaa alivyojitengenezea na kuvaa mikononi. Nusu wakasema unatoka mwilini mwake. Wote walikuwa sahihi. Kwenye vitabu, tangu 1962, ni vifaa. Kwenye filamu ya 2002 ni mwili. Nilikuwa nimeandika jibu moja tu, na nikalishikilia kwa ukaidi, na nusu ya watu wakaondoka wakiamini nimewadhulumu. Kweli niliwadhulumu. Siku hizi kila swali la kishabiki linaanza na "kwenye vitabu vya katuni" au "kwenye filamu ya mwaka fulani". Ukiuliza nani alimbuni Batman, uwe tayari kupokea Bob Kane na pia Bill Finger. Kwa miaka mingi Kane alitajwa peke yake, lakini tangu 2015 jina la Finger limeanza kuandikwa pamoja naye. Mtu akikutajia Finger, anajua anachosema.

Soma kila swali kwa sauti siku moja kabla, ukijifanya mtu anayetafuta tundu la kupenya. Nitarudi hapa, kwa sababu jambo hili limeniadhiri.

Kuhusu mtandao wenyewe, somo kubwa nililopata ni kuacha kugawa alama kwa mwendo. Programu nyingi za maswali humpa alama zaidi anayewahi kujibu, na inaonekana kama uchangamfu. Lakini intaneti ya mmoja ni farasi na ya mwingine ni kobe. Mwenye mtandao mbovu analisikia swali sekunde kadhaa baada ya wengine, na wakati skrini yake inafunguka, wenzake wameshajibu. Anashindwa na waya, hashindwi na swali. Mimi nasoma swali mara mbili, nalibandika kwenye sehemu ya meseji, halafu nahesabu sekunde 30. Aliyejibu sekunde ya pili na aliyejibu ya ishirini na tisa wanapata alama ileile.

Sekunde 30 zinasaidia pia dhidi ya Google, lakini kwa kiasi tu. Vidole vya vijana ni vyepesi. Kinga nzuri zaidi ni umbo la swali. "Superman alianza mwaka gani?" linatafutika kabla hujamaliza kulisoma. Lakini "Wapange kwa mfuatano wa kuzaliwa kwao: Spider-Man, Wonder Woman, Superman, Batman" linahitaji kutafuta mara nne (1938, 1939, 1941, 1962, kwa atakayeuliza ni Superman, Batman, Wonder Woman, kisha Spider-Man). Vilevile "Ipi kati ya hizi ipo kwenye jedwali la elementi: vibranium, titaniamu, adamantium?" (Ni titaniamu, hizo nyingine ni metali za kubuni.) Kufikia mtu aandike herufi zote hizo, muda umekwisha. Na picha iliyokatwa, kipande cha ngao au ncha ya kofia, haiandikiki kwenye Google kirahisi. Zaidi ya hapo simchunguzi mtu. Atakayedanganya kwenye mchezo wa kujifurahisha ana tatizo ambalo mimi siwezi kulitibu.

Timu za watu watatu au wanne zinafaa kuliko kila mtu kivyake, kwa sababu hakuna anayeaibika peke yake. Zipange wewe mwenyewe, usiwaachie wajipange, la sivyo mashabiki wote watakimbilia timu moja. Kila timu iwe na kikundi chake cha WhatsApp cha kunong'onezana, na nahodha mmoja anayekutumia majibu. Nilijaribu kuwapeleka kwenye vyumba vidogo vya ndani ya programu kwa kila swali, na kila safari ya kwenda na kurudi ilimpoteza mtu njiani. Tukaacha.

Jambo jingine nililojifunza kwa aibu: ijue programu yako ina kikomo gani. Niliwahi kutumia ya bure iliyokata mkutano dakika ya 40, nikiwa katikati ya raundi ya tatu, kidole kimeinuliwa hewani, karibu kutaja jibu. Watu walirudi kidogo kidogo kupitia kiungo kipya, wawili hawakurudi. Sasa ama napanga mchezo wote uishe chini ya muda huo, ama natuma viungo viwili mapema na kuufanya ule mkato kuwa mapumziko. Alama naziandika kwenye daftari la kawaida, kwa kalamu. Laptopu ikizima, daftari halizimi.

Mavazi? Waruhusu wanaotaka. Mtu mmoja alikuja na barakoa iliyomfunika uso wote na hatukusikia neno lake hata moja hadi alipoivua. Basi.

Andaa na swali la kutenganisha sare. Liwe la namba, anayekaribia zaidi ashinde, kwa sababu swali la ndiyo au hapana linaweza kuwaacha sare hadi usiku wa manane. La kwangu lilikuwa hili: "Mifupa ya Wolverine imefunikwa kwa metali. Mwilini mwake ana mifupa mingapi?" Jibu kwenye karatasi yangu: 206, kama binadamu yeyote mzima. Timu ya mpwa wangu na timu ya wenzangu wawili wa kazini zilikuwa zimefungana alama 27 kwa 27. Wenzangu wakaandika 200. Mpwa akaandika 213. Tofauti sita dhidi ya saba. Nikatangaza washindi, nikaanza kupiga makofi.

Mpwa akawasha maiki. "Mjomba, samahani. Kwenye vitabu, makucha ya Wolverine ni mifupa. Matatu kila mkono. Ongeza sita, ni 212. Sisi tumekosea kwa moja, wao kumi na mbili."

Wenzangu wakapinga kwamba jibu la msimamizi ni la mwisho. Mimi nilikuwa nimelisoma swali langu tena na nilikuwa natafuta pa kujificha, maana lilisema "mwilini mwake" na halikusema kwenye vitabu wala kwenye filamu. Kimya kikatanda. Ndipo shangazi, ambaye timu yake ilishika nafasi ya nne na hakuwa na la kupoteza, akawasha maiki yake.

"Huyo Wolverine simjui," alisema. "Lakini nimesahihisha mitihani maisha yangu yote. Umeuliza mifupa yake, hukuuliza ya binadamu. Mjukuu wangu ana haki, mpe."

Nikampa. Swali lile bado ninalo kwenye daftari, ila nimelirekebisha. Sasa linasomeka: "Binadamu mzima wa kawaida, asiye na makucha ya aina yoyote, ana mifupa mingapi?"