Kufunga tobaa na nyaya za tela kwenye gari lililotumika: maswali ya wasomaji

Nina Toyota RAV4 ya 2007 iliyotoka Japani. Nataka kuvuta tela dogo la magunia ya mahindi kutoka Kilosa hadi Morogoro mjini. Fundi wa kuchomelea anasema ataunga chaneli kwenye chuma cha bampa, kazi ya siku moja. Nimkubalie?
*Msomaji, Morogoro*

Usimkubalie. Kile chuma kilicho nyuma ya plastiki ya bampa ni chembamba makusudi, kimeundwa kijikunje gari linapogongwa. Hakikuundwa kuvutwa kwa nyuma na kupigwa juu chini kila tuta la barabarani. Joto la kuchomelea nalo hulegeza chuma cha pembeni ya ungio na kuunguza rangi ya ndani isiyofikika kwa brashi, kwa hiyo kutu huanzia mahali usipopaona. Tela la namna hiyo huweza kuvuta msimu mzima bila tatizo, kisha siku moja likabaki barabarani na bampa.

RAV4 haina chesisi ya kujitegemea kama Hilux. Nguvu ya kuvuta lazima iingie kwenye mihimili miwili iliyopita chini ya sakafu ya buti, kushoto na kulia. Tobaa, yaani chuma cha kuvutia tela kinachofungwa nyuma ya gari, ya kununua iliyotengenezwa kwa modeli hiyo huja na mikono miwili ya kulala kando ya mihimili hiyo, na hufungwa kwa bolti tu.

Kabla ya kununua, tafuta namba tatu: uzito wa tela lisilo na breki, uzito wa tela lenye breki, na uzito unaoruhusiwa kulalia tufe la tobaa, ile mpira ya chuma ambayo tela hushikia. Kitabu cha Kijapani mara nyingi hakikusaidii, basi tafuta kitabu cha gari hilo hilo, injini hiyo hiyo na giaboksi hiyo hiyo, lililouzwa Australia au Uingereza. Kwa tela lisilo na breki, magari mengi ya ukubwa huu hayavuki kilo 750. Piga hesabu: tela tupu kilo 200, magunia 5 ya kilo 100, jumla 700. Gunia la sita limekuvusha, na hapo hatujagusa lumbesa.

Kwenye kibati cha tobaa angalia pia thamani ya D, yaani nguvu ya kuvuta ambayo tobaa inastahimili, inayopimwa kwa kiloniutoni. Zidisha uzito wa gari likiwa limejaa kwa uzito wa tela lililojaa, vyote kwa tani. Gawanya kwa jumla yao. Zidisha kwa 9.81. Gari la tani 2 na tela la tani 0.75 hutoa 5.35. Tobaa iliyoandikwa D 8 inatosha. Isiyo na kibati, wala herufi E ndani ya duara, haikuambii chochote juu ya nguvu yake, iache dukani.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya nusu siku kwa fundi makini. Bampa linatolewa, vizibo vya plastiki kwenye mihimili vinang’olewa, na mara nyingi utakuta nati zilizochomelewa kiwandani zinasubiri. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu. Toyota hutumia nyuzi laini: bolti ya milimita 10 au 12 yenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.25. Bolti ya kawaida ya duka la vifaa ina hatua ya 1.5 kwa milimita 10 na 1.75 kwa milimita 12. Inaingia mizunguko miwili, inakaza, fundi anadhani ni kutu, anaongeza bomba kwenye spana, na nyuzi za nati zinakufa ndani ya mhimili usiofunguka. Safisha nyuzi kwa tepu (chombo cha kukatia nyuzi za nati) ya saizi sahihi, paka mafuta kidogo, na kila bolti iingie kwa vidole kabla ya kushika spana.

Panapohitajika tundu jipya, anza na keekee ya milimita 4, kisha 8, kisha saizi kamili. Bolti ikipita mhimili mzima kutoka upande hadi upande, weka kipande cha bomba ndani ili kuta zisibonyee unapokaza. Ukingo wa tundu upigwe msasa, rangi ya zinki, kisha nta ya kuzuia kutu. Ile lami nyeusi ya chini ya gari ikwanguliwe pale chuma kinapokutana na chuma. Ukiiacha, hupondeka polepole na bolti hulegea zenyewe.

Kaza zote kwa mkono kwanza, pima tobaa isimame sawa, ndipo ukaze kwa spana ya kupimia nguvu. Karatasi ya mtengenezaji ndiyo mwamuzi; isipokuwapo, bolti ya daraja la 8.8 ya milimita 10 huchukua takriban niutoni-mita 45 hadi 50, na ya milimita 12 takriban 80. Rudia kupima baada ya kilomita 1,000 za kuvuta. Kitovu cha tufe kiwe sentimita 35 hadi 42 kutoka ardhini, gari likiwa na mzigo wake.

Upangaji wa magunia nao una hesabu yake. Kwa tela lako la kilo 700, uzito unaolalia tufe uwe kati ya kilo 50 na 70, ilimradi usivuke kikomo cha gari na cha tobaa. Pima kwa mizani ya bafuni: simamisha kipande cha ubao juu yake, egemeza kikombe cha tela (kile kinachofunika tufe) juu ya ubao kwa kimo kile kile cha tufe, soma. Ikisoma kilo 20, magunia yamerundikana nyuma ya ekseli, na kwenye mteremko tela litaanza kutikisa mkia. Likianza, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, usipige breki ya ghafla.

Fundi umeme amenifungia soketi ya tela. Nikiwasha indiketa ya kushoto, taa zote za tela zinapepesa hafifu. Taa ndogo zikiwa zimewaka, nikikanyaga breki zinazimika. Amebadilisha balbu zote, hakuna tofauti.
*Msomaji, Dodoma*

Balbu zako ni nzima. Tela limekosa ethi (njia ya umeme kurudi betri), na dalili ulizozitaja ni ushahidi tosha. Umeme wa indiketa ukikosa njia ya kurudi kwa waya wa ethi, hurudi kwa kupitia nyuzi za balbu nyingine, unapanda waya wa taa ndogo hadi kwenye gari, na huko unaipata ethi ya taa za gari. Kila balbu iliyo njiani inapata mgawo kidogo, ndiyo huo mpepeso hafifu. Ukikanyaga breki huku taa ndogo zimewaka, pande zote mbili za balbu zina umeme wa kuingia na hakuna wa kutoka, kwa hiyo kila kitu kinazima.

Chukua waya mrefu, ushike chuma tupu cha gari na chuma tupu cha tela. Taa zikipona hapo hapo, tatizo liko pini namba 3 ya soketi au kwenye waya wake mweupe. Usikubali kuambiwa kwamba tufe lenyewe linatosha kuwa ethi. Lina grisi, linazunguka, na linaachia kila shimo. Waya wa ethi uwe wa milimita mraba 2.5, ufungwe kwa kijicho (pete ya chuma ya mwisho wa waya) na bolti kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, upande wa gari na upande wa tela. Kisha pima kwa mita, taa zikiwa zimewaka, kati ya ethi ya taa ya tela na hasi ya betri ya gari: isizidi nusu volti.

Ukiwa umeshaifungua soketi, hakiki na nyinginezo. Kwenye soketi ya pini 7 ya volti 12, namba 1 ni indiketa ya kushoto, manjano. 2 ni taa ya ukungu, bluu. 3 ethi, nyeupe. 4 indiketa ya kulia, kijani. 5 taa ndogo ya kulia, kahawia. 6 breki, nyekundu. 7 taa ndogo ya kushoto, nyeusi. Namba zimechapwa kwenye plastiki ya soketi, herufi ndogo mno. Magari mengi ya Japani hayana taa ya ukungu ya nyuma, basi pini 2 iache tupu. Rangi hizo ni za kebo ya tela, si za gari: kwenye Toyota ethi ni waya mweupe wenye mstari mweusi, na nyingine zihakikishwe kwa taa ya majaribio, moja moja, bila kubahatisha.

Mwulize pia fundi ameungaje. Vile vibano vya bluu vinavyouma waya bila kuukata hukata baadhi ya nyuzi zake na kuruhusu maji. Baada ya masika moja ndani ni ukungu wa kijani. Maungio yawe ya kukandamizwa kwa koleo lake au ya kulehemu kwa risasi, yafunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto, na yakae ndani ya buti. Kebo itoke kupitia tundu lenye mpira wake, mbali na bomba la moshi. Ikipita kwenye mlango wa buti, itakatwa mlango ukifungwa.

Na fyuzi? Balbu 4 za breki za wati 21, mbili za gari na mbili za tela, ni wati 84, sawa na ampia 7, bado ile taa ya tatu ya juu. Kama fyuzi ya breki ni ya 10, umeikaribia. Ikiungua usiibadilishe kwa 20, waya wa gari haukuwekwa kwa mzigo huo. Weka kisanduku cha rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) cha tela: kinasikiliza taa za gari kwa umeme kidogo sana, na taa za tela zinapata umeme wake moja kwa moja kutoka betri, kwa waya wa milimita mraba 2.5 na fyuzi ya ampia 15 iliyo karibu kabisa na betri.

Golf yangu ilitoka Uingereza. Tangu nifunge soketi, dashibodi inalalamika kuhusu balbu na sensa za nyuma zinapiga kelele nikirudi nyuma na tela.
*Msomaji, Nairobi*

Gari hilo hupima umeme wa kila balbu. Ukiunga balbu za tela kwenye waya huo, kompyuta inaona mzigo isioujua. Isitoshe, kwenye magari mengi ya aina hii taa ndogo na ya breki hutoka waya mmoja, umeme ukikatwakatwa kwa kasi ili balbu ififie. Kisanduku cha kawaida cha rilei kinaweza kuchanganyikiwa. Nunua seti ya nyaya iliyotengenezwa kwa modeli yako, inayozungumza na mtandao wa gari, kisha fundi mwenye kompyuta ya magari aifungulie programu ya tela. Hapo sensa za nyuma zitanyamaza plagi ikichomekwa, na kwa modeli zilizo na uwezo huo, mfumo wa kuzuia kuteleza utajua kuna tela nyuma. Mwenye kukuuzia seti bila kutaja kazi ya kompyuta amekuuzia nusu.

Land Cruiser ya dizeli, betri mbili, tela la boti. Balbu za tela zinapasuka nikiwasha tu.
*Msomaji, Mwanza*

Pima volti kwenye kifaa chochote cha gari, injini ikiwa imezimwa. Ukipata takriban 12.6, betri zako zimeunganishwa sambamba na tuna tatizo jingine. Ukipata takriban 25, gari ni la volti 24 na balbu zako ni za 12. Tunadhani ni hilo la pili.

Mtu atakushauri uchukue volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Kataa. Betri hiyo itanyonywa peke yake huku chaji ikigawanywa kama kawaida. Moja itakufa njaa na nyingine itachemka. Weka balbu za volti 24 kwenye tela, wati 21 na wati 5 vile vile, au taa za LED zilizoandikwa volti 10 hadi 30, ambazo zitafaa hata gari jingine likivuta.

Kwa kuwa ni boti: chomoa plagi kabla magurudumu hayajagusa ziwa, na usubiri angalau dakika 15 ukifika. Balbu na bearingi zenye moto zikizamishwa ghafla, hewa ya ndani husinyaa na kunyonya maji. Ziwa lenu ni la maji baridi, afadhali. Wa Tanga na Mombasa wasuuze kila mara kwa maji yasiyo na chumvi. Suluhisho bora kwa wote ni ubao wa taa unaofungwa nyuma ya boti na kutolewa kabla ya kushusha.

Prius inaweza kuvuta tela?
*Msomaji, Arusha*

Ya kizazi cha 2 na cha 3, hapana, Toyota haikupendekeza. Tobaa ya kubebea baiskeli ni suala jingine, na hiyo nayo ina kikomo chake cha uzito kwenye kibati.

Tufe langu linacheza ndani ya kikombe cha tela.
*Msomaji, Iringa*

Soma saizi iliyochapwa kwenye vyote viwili. Inchi 2 ni milimita 50.8, na kikombe cha 50 mara nyingi hakifungi juu yake. Hatari zaidi ni tufe la inchi 1⅞, ambalo ni milimita 47.6: kikombe cha 50 kitafunga juu yake vizuri tu, na kitaruka kwenye tuta la kwanza kubwa. Kama saizi ni moja na bado linacheza, pima tufe kwa kalipa (kipimo cha unene). Likishuka chini ya milimita 49, badilisha tufe, kisha ukague kikombe nacho.